Kambi ya kuvua kambare kando ya Mto Sabaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Likizo za shule zikikaribia, maswali huwa ni yaleyale: tulale wapi, tuvue na nini, na mamba je? Majibu haya ni ya watu wanaotoka Malindi, Watamu, Kilifi au Mombasa kwenda kulala usiku mmoja au miwili kando ya Sabaki na kuvua kambare kwa mshipi, miguu ikiwa nchi kavu. Pale ambapo mtu anaweza kuumia au kupoteza maisha nimeeleza kwa urefu. Kwingine sikuona haja.

Mto wenyewe ni upi? Huyu anasema Galana, yule anasema Sabaki.

Ni mto mmoja. Unaanzia bara, pande za Nairobi na Machakos, ukiitwa Athi. Ndani ya Tsavo unapokea Mto Tsavo, wenye maji ya Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima, na kuanzia hapo unaitwa Galana. Ukikaribia pwani ndiyo Sabaki, na unaingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, kabla hujafika Mambrui. Kwa urefu ni wa pili nchini Kenya, baada ya Tana.

Jambo la kujua mapema ni kwamba maji yake ni tope. Udongo unaomomonyoka bara husombwa hadi huku, na msimu wa mvua hata bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mgeni akiuona mto hivyo huvunjika moyo akidhani hakuna samaki. Kumbe kambare hapo yuko kwake. Macho yake ni madogo na hayategemei sana; chakula anakitafuta kwa harufu na kwa sharubu zake nane. Tope hilohilo ndilo linalotupa nafasi ya kumvua mchana, na jibu langu kuhusu usiku, huko chini, linasimama juu ya jambo hilo.

Kwa nini si Lamu? Tungependa kuunganisha na safari ya Lamu.

Visiwa vya Lamu havina mto. Maji baridi ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Ukienda Lamu, vua bahari. Mto mkubwa ulio upande huo ni Tana, unaoingia baharini Kipini, na hiyo ni safari nyingine kabisa yenye umbali wake, mashua zake na maandalizi yake. Kwa mapumziko ya siku mbili, Sabaki inatosha.

Msimu gani ni mzuri?

Januari hadi katikati ya Machi, wakati wa kaskazi, na tena Agosti na Septemba. Mto unakuwa umepungua, kingo zimekauka, na kambare wamekusanyika kwenye vina, yaani zile sehemu za kona ambapo mkondo umechimba chini ya gema, yaani ukingo ulioinuka wima juu ya maji.

Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, usiende. Vuli nayo, Oktoba mwishoni hadi Desemba, iangalie kwa makini. Sababu si matope ya barabarani peke yake. Mto huu hujazwa na mvua ya mbali. Mvua kubwa ikinyesha Nairobi, Machakos au Makueni, maji huchukua siku kadhaa kufika huku, na yanaweza kufika Malindi ikiwa na jua kali na mbingu safi. Mtu amelala kwenye mchanga mkavu hana habari, kumbe gharika iko njiani. Mwaka 2018, mto ulipovunja kingo, familia nyingi za Magarini zilihama makwao, na wazee bado wanazitaja mvua za El Nino za 1997 na 1998. Kwa hiyo kabla ya safari usiulize tu hali ya hewa ya Malindi. Uliza kama kumenyesha bara.

Ukiwa kambini, chomeka kijiti pale maji yanapoishia unapofika, na ukikague kila baada ya saa chache, ukiwa mbali kidogo na maji na ukiwa na mwenzako. Kijiti kikizama, au ukiona povu, majani na matawi yanaelea kwa wingi kuliko asubuhi, kunja hema upande juu. Usingoje kuona mwisho wake.

Hema tulipige wapi?

Juu ya gema, kwenye ardhi ambayo wenyeji wanakuambia haikufikiwa na maji ya mwisho. Kati ya hema na maji acha hatua mia moja au zaidi. Ule mchanga mweupe ulio chini, ambao kila mgeni huupenda kwa picha, si pa kulala hata usiku mmoja. Ni sakafu ya mto, na pia ni pa mamba kuota jua.

Kisha tazama njia za viboko. Ni rahisi kuzitambua: kiboko ana miguu iliyoachana, kwa hiyo njia yake huwa na mifereji miwili na tuta la nyasi katikati, ikitoka majini moja kwa moja hadi malishoni. Utaona pia kinyesi kimetawanywa kwenye vichaka, kwani hukirusha kwa mkia. Ukiona dalili hizo, hama. Kiboko hubadili njia yake kwa shida sana, na gizani hatalizunguka hema lako.

Usilale karibu na mahali mifugo inaponyweshwa au akina mama wanapoteka maji. Mamba hujifunza mazoea ya watu na wanyama, na hungojea palepale. Isitoshe ni mahali pa wenyewe, na si adabu kukaa ukiwatazama.

Kwa kivuli, mkwaju ni mzuri. Mkuyu ni mzuri zaidi kwa kivuli lakini matunda yake huwaita nyani, nao watafungua kila mfuko uliosahau kuufunga. Chini ya mkoma wenye matunda, hapana: hasa ukipanda juu kuelekea Chakama, ndovu wanazipenda koma kuliko unavyolipenda hema lako.

Kwa safari ya kwanza ningekuelekeza pande za Jilore, Kakoneni au Langobaya, kwenye mashamba ya watu, badala ya porini. Unakuwa na majirani, kuna wa kumwita, na wenye shamba wanaujua mto wao kona kwa kona.

Je, tunahitaji ruhusa?

Ndiyo, na iombwe kabla ya kushusha mizigo. Karibu kila ukingo una mwenyewe, hata kama hakuna ua wala kibao. Nenda kwa mwenye shamba, piga hodi, waamkie wazee, eleza mko wangapi, mtalala siku ngapi, mtawasha moto wapi. Mpitie pia mzee wa kijiji au chifu, ili usiku watu wakiona taa wajue ni nani. Kama kuna malipo, kubalianeni hapo hapo. Mwenye shamba akikupa kijana wa kukaa nanyi, mlipe vizuri na umsikilize.

Nasisitiza hili kwa sababu ardhi ya kando ya Sabaki ina historia nzito. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto huu, nyumba zikachomwa, katika vita vilivyolifanya jina la Mekatilili wa Menza likumbukwe hadi leo. Walirudi baadaye kwa taabu. Mtu ambaye babu zake walipitia hayo ana haki ya kuulizwa kabla hujachomeka kigingi kwenye shamba lake.

Ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako Galana unapita, uvuvi hauruhusiwi. Ukilifikia geti la Sala, mshipi ukae ndani ya gari.

Mamba na viboko: hatari ni ya kweli, au ni kutishana?

Ni ya kweli. Wapo kuanzia juu hadi karibu kabisa na mlango wa mto. Watu wa kando ya Sabaki wamepoteza jamaa na mifugo kwa mamba, na hakuna familia inayolizungumza jambo hilo kwa mzaha.

Mamba haonekani anapowinda. Anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa moja, na katika maji ya tope hutaona hata kivuli. Hutoka kwa ghafla, karibu, pale maji yanapokutana na mchanga. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba hakuna anayekanyaga maji. Si kunawa mikono, si kuosha sufuria, si kujaza ndoo, si kunasua ndoana iliyokwama. Ndoana ikikwama, kata mshipi. Maji ya kuoshea yatekwe kwa ndoo yenye kamba ndefu kutoka juu ya gema, au mje nayo.

Ya pili ni kusimama mbali. Tunavua tukiwa juu ya gema, au hatua kumi nyuma ya maji ukingo ukiwa bapa. Hakuna kukaa mahali pamoja mchana kutwa. Kila baada ya muda, sogeeni.

Ya tatu ni damu na matumbo. Usimpasue samaki pale unapovulia, na usitupe mabaki majini mbele yako. Unamwandalia mamba karamu halafu unakaa mezani naye. Matumbo yazikwe mbali, tena yafukiwe chini sana ili fisi na mbwa wasiyafukue.

Kiboko ni jambo jingine. Hali nyama, lakini huua kwa kuogopa na kwa ukali, hasa mtu akisimama kati yake na maji, au kati yake na mtoto wake. Mchana, ukiona masikio na pua vikichungulia, hama hapo kimyakimya na utafute kina kingine. Usimrushie mawe ili upige picha ya mdomo wazi. Usiku hutoka kula nyasi hadi karibu na alfajiri, na mbio zake nchi kavu huziwezi. Ndiyo maana hata haja ya usiku iwe na utaratibu: mnatoka wawili, tochi inatangulia, na choo kiko upande wa nyuma ya hema, si upande wa mto.

Mnyama akileta taabu, habari zipelekwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, kupitia chifu au ofisi yao ya Malindi.

Lakini kambare hula na huvuliwa usiku. Tutavua usiku?

Hapana. Najua kila mvuvi mzoefu atasema kambare ni samaki wa usiku, na ni kweli kwamba giza likiingia anatoka vinani na kuja kwenye maji haba kutafuta chakula. Lakini mamba naye ni wa usiku, kiboko anatoka usiku, na wewe ndiwe pekee hapo usiyeona. Wavuvi wenyeji wanaovua usiku wanakijua kila kisiki, na hata hivyo hawako salama.

Tunavua kuanzia alasiri, jua likipungua ukali, hadi jua linapokaribia kuzama. Kabla ya magharibi mishipi yote imeshakunjwa na watu wako juu kwenye moto. Asubuhi tunarudi jua likishapanda kiasi cha kuona ukingo wote wazi. Kwa kuwa maji ya Sabaki ni tope, kambare anakula hata saa hizo. Giza la majini analo mchana kutwa. Katika ziwa safi ningesema utapoteza nusu ya samaki. Hapa hupotezi nusu, na hata ungepoteza nusu, ningekwambia jibu lilelile.

Kambare nitamjuaje? Tulivua mlangoni mwa mto tukaambiwa si yeye.

Huenda mlipata hongwe. Karibu na bahari, maji ya chumvi hupanda mtoni wakati wa kujaa, zaidi siku za bamvua, bahari inapojaa sana, na samaki wa hapo ni wengine: mikizi, hongwe na wenzao. Hongwe pia ana sharubu na hana magamba, lakini mkia wake umegawanyika mara mbili na mgongoni ana mwiba. Kambare ana mkia wa duara, pezi refu laini linalotambaa mgongoni karibu hadi mkiani, na kichwa kipana, kigumu kama jiwe.

Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa. Kwa hiyo huishi kwenye madimbwi yaliyobaki mto ukikauka, na usiku wa mvua anaweza kujiburura kwenye nyasi zenye maji akatoka dimbwi moja hadi jingine. Mvua zikianza hupanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji kutaga mayai. Akikua vizuri anapita urefu wa mita moja, ingawa wengi mtakaowapata ni wa kutosha sufuria moja.

Ukimtaka kambare, basi, panda juu ya daraja la Sabaki, mbali na chumvi.

Zana gani tubebe?

Chache. Mshipi wa nailoni mnene, wa kuhimili kilo kumi na tano hivi, uliozungushwa kwenye kibao au chupa. Ndoana za saizi ya kati, zenye nguvu, kwani mdomo wa kambare ni mpana na taya zake ni ngumu. Chubwi la risasi la kukaza chambo chini, kwa sababu kambare hula sakafuni na mkondo wa Sabaki unasukuma. Chubwi lisifungwe palepale penye ndoana. Acha nafasi ya shibiri mbili, chambo kicheze. Koleo ya kung'olea ndoana, kisu, na gunia.

Mwenye fimbo ya kisasa na aje nayo, ni raha kuitumia. Asiye nayo, mwanzi au ufito mrefu unatosha kwenye gema, na mshipi wa mkono unatosha kabisa kwenye ukingo bapa.

Jambo moja nalikataza kwa kila mtu: usijifungie mshipi mkononi, kiunoni wala mguuni. Hujui ni nani atakayeuvuta. Ufunge kwenye kigingi kilichopigwa chini imara, ning'iniza kikopo chenye kokoto, kisha kaa nyuma usikilize.

Chambo?

Chochote kinachonuka. Nyungunyungu ni bora, lakini wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu, kwa hiyo wachimbwe nyumbani kwenye bustani inayonyweshewa na waletwe na udongo wao. Matumbo na maini ya kuku hupatikana sokoni Malindi asubuhi. Yaache juani kidogo yakazike na kunuka. Dagaa, au kipande cha samaki wa bahari mwenye mafuta, ni kizuri sana. Sima iliyokandwa na dagaa wa kusaga hushika vizuri ikiwa ngumu. Wengine hutumia kipande cha sabuni ya mche, na kambare hukila, lakini mimi sipendi kuacha sabuni mtoni ikiwa kuna utumbo wa kuku.

Amekula! Sasa?

Kwanza hugusagusa, kikopo kitalia kidogo kisha kinyamaze. Mwache. Akiondoka na mshipi kwa mwendo mmoja, vuta kwa nguvu mara moja, kisha mlete polepole bila kulegeza. Atajaribu kuingia chini ya mizizi.

Usishuke majini kumpokea. Hapa ndipo watu husahau kila kitu walichoambiwa. Mburure hadi juu, mbali na maji, na akikatika mshipi akaenda, aende. Mapezi ya kifuani yana mwiba mgumu kila upande, kwa hiyo mshike nyuma ya kichwa, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, miiba ikiwa imezuiwa. Ukichomwa, osha kwa maji safi na sabuni, na kama hujachanjwa pepopunda nenda hospitali. Hongwe akikuchoma maumivu ni makali zaidi kwa sababu mwiba wake una sumu. Tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha nenda hospitali.

Kambare hafi haraka. Atakaa saa nyingi guniani akihema, na si sawa kumwacha hivyo juani. Ukiamua kumla, mpige kichwani mara moja kwa rungu umalize. Ukiamua kumwachia, basi iwe papo hapo. Mrushe kutoka juu ya gema, usimpeleke kwa mkono hadi majini. Jike mwenye tumbo la mayai mimi humrudisha, nami naomba wengine wafanye hivyo.

Leseni?

Uvuvi Kenya unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Pita ofisi ya uvuvi Malindi kabla ya safari, eleza kwamba ni mshipi wa kujifurahisha, ulipie kinachotakiwa, na risiti uende nayo. Nyavu msilete. Chandarua kutumiwa kama wavu ni kuua vifaranga wote wa mto, na watu wa hapo watawakasirikia kwa haki.

Hana magamba. Analiwa?

Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, na kwao samaki ni halali, awe na magamba au asiwe nayo. Ndugu zetu Mashia hula wenye magamba tu, na Wakristo Waadventista wa Sabato hawamli kambare kwa kufuata Walawi 11. Kwa hiyo mwenye kuandaa safari aulize watu wake mapema na abebe kuku au maharagwe, ili asiwepo mtu wa kukaa na sima kavu wenzake wakila.

Tumpike vipi? Wanasema ananuka tope.

Ananuka asipotengenezwa. Msugue kwa jivu la moto wa kuni hadi utelezi wote utoke, suuza, kisha umwagie maji ya moto na kumkwangua tena. Toa matamvua pamoja na kile kiungo cha hewa kinachofanana na kijimti chekundu ndani ya kichwa. Kikibaki huharibu mchuzi. Toa uzi wa damu ulio kando ya uti wa mgongo. Mchanje, mpake chumvi na ndimu, mwache nusu saa.

Kisha mbanike kwanza. Moto usiwe wa ndimi, uwe wa makaa, na mafuta yake yadondoke. Huku anaiva, chemsha tui zito na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, bizari kidogo na maji ya ukwaju. Ukwaju ninaupendelea kuliko ndimu hapa, maana uchachu wake unakata mafuta ya kambare. Mpake tui akiwa juu ya makaa, geuza, paka tena, hadi tui limshike. Sima na mchicha, basi. Aive hadi ndani kabisa; samaki wa maji baridi hana haja ya kuliwa nusu mbichi.

Kuni ziwe zilizoanguka zenyewe. Mikoko ya mlangoni mwa mto haikatwi.

Maji ya kunywa?

Njooni nayo, lita tano kwa mtu kwa siku pamoja na ya kupikia. Mto Nairobi unamwaga ndani ya Athi, na uchafu wa miji ya juu unateremka hadi huku. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi kemikali. Maji ya mfereji ya Malindi, ni kweli, yanatoka Baricho kandokando ya mto huuhuu, lakini hayo yanavutwa kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga na kutiwa dawa.

Mbu na magonjwa?

Malaria ipo. Hema lenye wavu mzima, chandarua chenye dawa kwa anayelala nje, mikono mirefu kuanzia magharibi. Ukipata homa wiki moja au hata nne baada ya kurudi, kapime na umwambie daktari ulilala mtoni. Kichocho hupatikana kwenye maji yaliyotuama yenye konokono, na kanuni yetu ya kutokanyaga maji inakulinda na hicho pia.

Nyoka?

Anayeumiza watu zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Hulala njiani akifanana na majani makavu, ukamkanyaga. Vaa viatu vilivyofunika, tumia tochi, kung'uta viatu asubuhi, funga zipu ya hema saa zote. Akiumwa mtu, asichanjwe kwa wembe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kubana. Mvue pete na saa, mtulize, mguu au mkono usichezeshwe, na gari liondoke papo hapo kwenda hospitali ya Malindi. Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka kinachojulikana kwa ujuzi wa dawa ya sumu. Kwa sababu hii, safari isiyo na gari au pikipiki inayolala kambini siiruhusu.

Tuna watoto wa shule ya msingi. Waje?

Waje, mkiweza kutoa mtu mzima mmoja kwa kila mtoto muda wote wa kuvua. Si mtu mzima mmoja kwa watatu, tena naye ana mshipi wake mkononi. Watoto wakae juu ya gema, nyuma ya mstari mnaouchora kwa jivu siku ya kwanza. Wape kazi ya kusikiliza vikopo. Walio chini ya umri wa kuelewa "usiende" wabaki nyumbani na bibi.

Tunafikaje, na simu inashika?

Matatu za Mambrui, Gongoni na Marafa zinavuka daraja la Sabaki, kilomita chache kutoka mjini. Kwa Jilore, Kakoneni, Langobaya na Chakama mnashika barabara ya kwenda Sala. Mwisho wa njia ni boda boda. Bei ipatanwe kabla ya kupanda, na mizigo itajwe. Jazeni mafuta Malindi. Mtandao upo vijijini lakini hukatika ukishuka mtoni, kwa hiyo mwachie mtu nyumbani jina la kijiji, la mwenye shamba na saa mnayotarajia kurudi.

Tukikosa samaki kabisa?

Hutokea, hasa mto ukiwa unapanda. Siku ya kurudi pitieni mlango wa mto kabla ya mchana, maji ya bahari yakiwa yamekupwa, na mtafute kijana wa Sabaki wa kuwaongoza, maana viboko wako hapo pia. Kwenye fungu la matope mtakuta heroe, membe kwa mamia, na katikati ya mwaka ndege wadogo wa kahawia wanaovuka bahari kutoka Bukini, yaani Madagaska. Mishipi iliyokatika mje nayo mjini, msiizike mchangani. Hunasa miguu ya ndege haohao.